Tohara ya Mrisho wa Kiwangwa

Tangu nistaafu, usingizi wangu wa baada ya adhuhuri umekuwa mzito na una watu wengi. Najilaza kwenye mkeka barazani, upepo unapita juu yangu, na kabla sijazama vizuri naanza kuwaona wanaume wamekaa kwenye benchi, wamevaa mashuka ya kijani, mikono wameifumbata mapajani. Hawaniiti wala hawasemi. Wananitazama tu, nami najua kazi yangu ni kukaa karibu nao. Nikiamka, chai imepoa, na mke wangu ananiuliza leo nilikuwa namhudumia nani.

Vijana mliobaki hospitalini mmeniomba niandike nilichokiona katika chumba cha maandalizi, na hasa habari za watu wazima waliokuja kutahiriwa, kwa kuwa ndio niliokaa nao zaidi. Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichonifundisha kumnyoa mtu bila kumkwaruza.

Siku yangu ya kwanza nilijua nitapelekwa wodi ya majeruhi, maana nilikuwa kijana mwenye mabega. Badala yake nikakabidhiwa kwa Bi Mwanaidi, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, mama mfupi aliyetembea kana kwamba sakafu imelala na hataki kuiamsha. Hakunionyesha vifaa. Alinipa gauni la mgonjwa, akaniamuru nivae na nilale kwenye kitanda cha magurudumu. Akanisukuma mwenyewe toka benchi mpaka mlango wa thieta. Nikaiona dari kwa mara ya kwanza: feni isiyozunguka, doa la mvua lenye umbo la ng'ombe, mjusi amejibandika karibu na taa. Kila kitu kilipita taratibu juu ya uso wangu na nikahisi nimekuwa mdogo.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

"Hiyo ndiyo hospitali yao. Hii yetu ya kusimama hawaijui. Ukimsukuma mtu, mwambie anapita wapi."

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja lililotazama mwarobaini, na pazia la kijani lililofuliwa mpaka likawa jepesi kama utando. Asubuhi mwanga ulipita humo ukawa kama mwanga wa chini ya maji. Tulikunja shashi za kufunikia vidonda sisi wenyewe, mimi na Bi Mwanaidi, tukiwa kimya, na mpaka leo vidole vyangu vikikosa kazi vinakunja chochote vinachokikuta, hata karatasi ya maandazi. Mkasi, koleo, nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, vyote vilikuwa na mahali pake kwenye trei, na trei ilifunikwa, kwa sababu mtu anayesubiri kisu hana haja ya kukiona.

Hapa pwani watoto wa kiume hutahiriwa wadogo, kwa hiyo watu wazima waliokuja kwetu wengi walikuwa wa bara: vibarua wa mashamba ya mananasi, mafundi wanaojenga Mapinga, vijana waliotaka kuoa mabinti zetu wakaambiwa kuna jambo moja kwanza. Niliwapa maelekezo yale yale kwa miaka yote. Oga vizuri nyumbani, lakini usijinyoe, tutakunyoa sisi. Kula kidogo, usije na njaa. Vaa msuli au suruali pana. Mmoja alikuja na jinzi ya kubana, akarudi Mapinga amejifunga kanga ya mkewe, na maneno yaliyoandikwa kwenye ile kanga sitayarudia hapa.

Wote waliuliza mambo yale yale, ila kila mmoja aliuliza kana kwamba ni yeye wa kwanza duniani. Sindano ya ganzi inachomwa wapi? (Pale pale, nawajibu, na inauma kidogo, kisha hakuna kinachouma.) Nitarudi kwa mke wangu lini? Asubuhi nikiamka, unajua vile mwili unavyoamka wenyewe, itakuwaje na nyuzi? Nilijifunza kutocheka. Mtu mzima aliyevua nguo mbele ya mgeni amekwisha kutoa alichonacho, kumcheka ni kumnyang'anya hata kilichobaki.

Mpasuaji wetu alikuwa Daktari Masanja, aliyetoka hospitali kubwa ya Dar es Salaam na kuja kwetu kila baada ya muda. Mtu wa Usukumani, mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na kifua chake. Alikuwa na desturi moja ambayo wengine waliiona inapoteza muda: hakuzungumza na mgonjwa aliyekwisha kuvuliwa. "Kwanza tuongee sote tukiwa tumevaa," alisema. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko mgonjwa, akauliza habari za nyumbani mpaka mtu asahau amekuja kufanya nini.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Mrisho.

Mrisho alikuja asubuhi moja ya manyunyu, mkulima wa mananasi kutoka Kiwangwa, mwanamume wa umri wangu, kofia safi, mikono imejaa mikwaruzo ya majani yale yenye miiba. Mkewe, Zainabu, alibaki nje kwenye benchi na kikapu chake. Nikasoma kadi: tohara. Nikamtazama tena, mtu wa Kiwangwa, Mwislamu toka babu wa babu. Nikadhani wamekosea kuandika.

"Hawajakosea," akasema kabla sijafungua mdomo. Kisha akauliza, "Ndugu yangu, wewe ni mtu wa wapi?"

"Hapa hapa Bagamoyo."

"Kiwangwa una ndugu?"

"Sina."

Akashusha pumzi, akavua kofia, akaiweka gotini. Nje matone yalikuwa yakidondoka toka kwenye mwarobaini, na alisimulia kwa sauti ya chini inayofanana nayo, hata leo nikikumbuka maneno yake nasikia na yale matone.

Alikuwa na kaka, Juma. Ngariba wa kijiji alikuwa mjomba wao Kibwana, kaka yake mama, mtu aliyesifiwa kwa mkono mwepesi. Juma alipoingia jandoni, wenzake wote damu zilikatika, yake haikukatika. Waliweka majivu, wakaweka majani, wakasoma dua. Juma hakutoka jandoni. Mama yao, Bi Mwanahawa, alimwambia kaka yake mbele ya watu kwamba amemchinja mwanawe, na hakumsemesha tena. Kibwana aliweka kisu chini, akahama, akaenda kuishi Mapinga enzi hizo bado pori.

"Msimu wa rika langu ulipofika," Mrisho akaendelea, "mama alinichukua akanipeleka Lugoba kwa shangazi yake. Alisema natahiriwa huko. Tulikaa mpaka muda ukatosha. Siku ya kurudi alinivika kanzu, akanifundisha njiani kutembea miguu nimeipanua. Nikaingia kijijini hivyo. Watu wakapiga vigelegele, wakaniletea kuku."

Tangu siku hiyo alioga peke yake. Alipoombwa kusalisha watu alitafuta udhuru. Mkewe aligundua usiku wa harusi na hakusema neno, ila kesho yake alimtafutia fundi aweke komeo kwenye mlango wa bafu la makuti.

"Sasa nini kimekuleta?"

"Ngozi imebana. Mkojo umekuwa mateso, na pamevimba. Daktari wa kule Kiwangwa ameniambia hakuna dawa ila kukata."

"Na unaogopa."

"Naogopa kufa kama Juma." Akaigeuza kofia gotini. "Na nikifa, watakaoniosha wataona. Watamwangalia mama yangu kwa jicho gani? Bado yu hai."

Daktari Masanja aliingia, akavuta kigoda chake. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

Wakaongea juu ya mananasi. Daktari alitaka kujua kwa nini ya Kiwangwa ni matamu kuliko ya kwingine, na Mrisho, ambaye sauti yake ilikuwa imefifia kabisa, akaanza kueleza habari za udongo na jua mpaka akanyoosha mgongo. Ndipo daktari akauliza ilikuwaje hakutahiriwa. Mrisho alinitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akasimulia upya, kwa ufupi zaidi.

Daktari hakusema pole. Aliuliza, "Uliwahi kung'olewa jino?"

"Moja. La nyuma."

"Damu ilikatika lini?"

Mrisho alifikiri. "Ilitoka ile siku, na ya pili yake. Zainabu alikuwa akinibadilishia vitambaa. Tulidhani fundi wa meno alikata vibaya."

"Na shambani, panga likikupitia?"

"Hukawia. Lakini si kila mtu hukawia?"

Daktari aliifunga kalamu yake. "Mzee, leo sikukati."

Sijawahi kuona uso ukianguka vile. "Nimejipa moyo mwaka mzima kuja hapa," Mrisho akasema. "Leo nimewaaga watu shambani nikawadanganya naenda kununua mbolea. Unanirudisha?"

"Sikurudishi. Nataka niijue damu yako kabla kisu changu hakijaijua." Kisha, kwa ile sauti yake ndogo: "Mimi kwetu hatukuwa na jando. Nilitahiriwa nikiwa nasomea udaktari, mtu mzima na ndevu zangu. Wenzangu wa darasa wakaja kushika taa. Nililia kabla hata sindano haijatoka kwenye kopo."

Mrisho alimtazama mtu yule mrefu aliyejikunja juu ya kigoda, na akacheka. Kicheko kilimtoka kama kikohozi. Nje Zainabu alikisikia, akainuka kwenye benchi asijue kama ni habari njema.

Tukachukua damu, ikaenda Dar es Salaam. Mrisho akapewa dawa za kupunguza uvimbe na maumivu wakati akisubiri. Nilibana shashi kwenye tundu la sindano muda mrefu sana. Kwa watu wengine hukaa hivyo kwa kitambo kidogo nikipiga soga. Kwake soga iliisha, nikabaki nimeshika mkono wake tukisikiliza mvua.

Majibu yalipokuja, daktari alimweleza pale pale kwenye benchi, na Zainabu akiwapo. Katika damu, alisema, kuna vitu vinavyoshikana ili kuziba tundu, na katika damu ya Mrisho kimoja ni haba. Amezaliwa nacho hivyo. Inaelekea hata Juma alizaliwa hivyo hivyo.

"Kwa hiyo si mkono wa mjomba?"

"Mkono wowote ungemmaliza. Hata wangu ungekumaliza wewe, kama ningekukata ile siku bila kuuliza."

Zainabu alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mrisho akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyofutika, "Mama aliponificha... aliniokoa."

"Alikuokoa," daktari akasema.

Lakini kulikuwa na jingine, na daktari hakulikwepa. Hali hii hupitia kwa mama. Yeye mwenyewe mara nyingi haumwi, ila anaweza kumpa mwanawe wa kiume. Na mwanamume mwenye nayo huwapa mabinti zake wote waibebe, nao wanaweza kuwapa wana wao. Mrisho alikuwa na binti, Mwajuma, na Mwajuma alikuwa na mtoto wa kiume ambaye suna, yaani tohara yake, ilikuwa imepangwa likizo ya shule.

"Basi lazima niwaambie," Mrisho akasema. Baadaye, tukiwa wawili, akanishika mkono. "Mtoto nitamwokoa, hilo halina mjadala. Lakini mama nitamwambiaje? Amemlaumu kaka yake umri mzima. Nimwambie ilikuwa damu, na damu imetoka kwake?"

Nikamsindikiza mpaka kwenye benchi kwa Zainabu.

Alitahiriwa Dar es Salaam, hospitali ambako dawa ya kuikamilisha damu yake ilipatikana. Aliniomba niende, nikaomba ruhusa, nikaenda kama ndugu. Waliniruhusu kumsindikiza mpaka mlangoni. Kitanda kilipokuwa kinasukumwa nilitembea kando yake nikimwambia tunapita wapi: hapa ni mlango, hapa ni taa nyeupe, hapa kuna baridi kidogo. Dawa ya kumtuliza ilikuwa imeanza kumchukua. Macho yake yalikuwa yamelegea, yamejaa mwanga.

"Kondo," akaniita, "kuna watu wanatwanga?"

"Hakuna anayetwanga."

"Nasikia kinu." Akatabasamu. "Basi ni nyumbani."

Nilikaa nje nikiwa sina cha kukunja. Daktari Masanja alitoka na barakoa imening'inia kidevuni, akaniletea kile kipande cha shashi kilichokaa juu ya kidonda ili nikione. Kilikuwa na doa dogo, jekundu, na pembeni limeanza kukauka. Nimeona shashi nyingi katika maisha yangu. Ile niliitazama mpaka akanigusa bega.

Kidonda kilipokuwa kinapona nilikwenda Kiwangwa kukitazama. Mjukuu alikuwa amekwisha kupimwa, naye alikutwa nayo, na suna yake ikapangwa hospitalini kwa utaratibu ule ule wa babu yake. Mwajuma alikuwa amekubali bila maneno mengi. Aliyekuwa hajaambiwa ni Bi Mwanahawa. Alikuwa amekaa uani akimenya mihogo, mwembamba, macho makali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mganga wa mwanangu?"

"Mimi ni muuguzi, mama."

"Ni yale yale. Kaa." Akaendelea kumenya. "Mrisho, mwambie mgeni akae kivulini. Kisha uniambie ulichokifanya Dar es Salaam, maana huyu mtoto wa Mwajuma ameahirishiwa suna na kila nikiuliza mnatazamana."

Mrisho alikaa chini mbele yake kama mtoto. Akamwambia yote: mkojo, hospitali, damu, Juma. Alipofika mahali ambapo hali hii hutoka, akasita, akanitazama, akasema ni jambo la Mungu tu.

Bi Mwanahawa aliweka kisu cha mihogo chini. "La Mungu, sawa. Linatoka upande gani?"

Kuku walikuwa wakiparura maganda.

"Mama yangu alizaa mtoto wa kiume kabla yetu," akasema. "Alianguka kwenye mnazi, si juu, akavimba goti, akavimba ubavu, akafa. Na mjomba wa mama yangu alikufa kwa jino. Tulikuwa tukisema ukoo wetu una jicho baya." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Imetoka kwetu. Imepita kwangu."

"Mama, hukujua."

"Sikujua. Wala Kibwana hakujua." Akaokota ganda la muhogo lililomwangukia miguuni, akalitupia kuku. "Bado yu hai?"

"Yu hai. Macho ndiyo hayaoni."

"Nitafutieni gari."

Walinipitia Bagamoyo asubuhi, tukaenda pamoja. Mapinga ile ya pori sasa ni kuta za matofali na viwanja vilivyowekewa mawe ya mipaka, na nyumba ya Kibwana ilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ndogo, imebaki peke yake katikati ya mageti. Mzee alikuwa kitandani, mkongojo pembeni. Kitukuu alitukaribisha, akatoka.

Bi Mwanahawa alisimama katikati ya chumba. "Kibwana."

Mzee aligeuza uso. "Nani?"

"Dada yako."

Akajaribu kuinuka, akashindwa. Bi Mwanahawa akasogea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono wa kulia. "Nimekuja kukwambia. Haikuwa mkono wako. Ilikuwa damu yetu, ya mama yetu. Juma angekufa mkononi mwa yeyote."

"Sema tena," mzee akasema. Dada akasema tena. Machozi yalimtoka yule mzee bila sauti, yakaingia kwenye ndevu.

"Na mimi nina la kukwambia," Kibwana akasema. "Mrisho hukumtahirisha Lugoba."

Bi Mwanahawa hakutikisika, ila niliona vidole vyake vimekaza.

"Ngariba wa Lugoba alikuwa rafiki yangu. Aliniambia msimu ule hakumkata mtoto yeyote wa Kiwangwa. Nilimwomba aape atanyamaza, akaapa, amekufa na siri hiyo. Kila msimu wa jando ulipofika nilikuwa nakaa hapa namwomba Mungu, nasema dada yangu asimpeleke jandoni, amfiche hivyo hivyo."

Bi Mwanahawa aliinama, paji la uso wake likagusa mkono aliokuwa ameushika.

Mrisho alikuwa bado amesimama mlangoni. Alivua viatu, akaingia, akapiga goti sakafuni. "Shikamoo, mjomba."

Mzee alinyoosha mkono wake mwingine hewani, akimtafuta. Mrisho akasogeza kichwa mpaka mkono ule ukamfikia.